Mkutano wa Majoka Tisa na Tatizo la Mikia

Alhamisi tarehe 18 Agosti 1960, wiki saba kamili baada ya uhuru, tulikuwa wanne kwenye benchi letu linalotazama bandari ya mtoni ya Makiso, nami nitawataja kwa utaratibu tuliokaa. Kushoto kabisa alikuwa Papa Alfani, fundi cherehani, aliyeitwa Protokole kwa sababu hakuna harusi iliyofungwa mtaani bila yeye kupanga nani akae wapi. Wa pili, Tonton Lambert, dereva wa lori la kwenda Banalia, jina la kijiweni Kilometa. Wa tatu, mimi. Wa nne, Cyprien, karani, aliyepakata kurasa mia nne na kumi na mbili za riwaya yake, *Mapatano ya Majoka Tisa*. Yeye hatukuwa tumempa jina. Tulingoja kwanza kitabu kiishe.

Hakikuwa kimeisha, na saa zilikuwa zinakwenda. Mchapishaji mmoja wa Léopoldville, mji mkuu, alikubali kukisoma, kwa sharti kiwe na mwisho. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi. Kama kungekuwa na nyingine, kwa jinsi nchi ilivyokuwa siku zile, hakuna aliyethubutu kusema. Cyprien alikuwa amekiandika miaka sita, nyuma ya fomu za ofisi zilizoharibika.

Kitabu kinahusu majoka tisa yatemayo moto, kila moja na jimbo lake. Cyprien aliyapa bendera, sikukuu na kanuni za posta. Joka likitaka kuvuka mto, lilionyesha kwanza kibali, kisha likangoja kivuko. Sura ya kumi na moja yote ni foleni ya kivuko. Lambert aliomba asomewe mara tatu, akisema ndiyo sura ya kweli kuliko zote. Baada ya vita virefu, kilichobaki ni majoka kuketi kwenye meza ya duara na kupatana, kama wakubwa wetu walivyofanya Bruseli mwezi wa kwanza. Lakini kila joka lilikuwa na mkia wa mita saba. Mikia tisa kuzunguka meza moja: joka la kwanza kukanyaga mkia wa jirani lingeanzisha vita upya.

Alfani alipendekeza meza ipanuliwe. Cyprien akapiga hesabu pembeni mwa ukurasa: ukumbi ungevuka mpaka wa jimbo la pili, na joka la huko lingelalamikia uvamizi. Basi Alfani akasema mikia ikunjwe chini ya meza, ndani ya mifuko ambayo angeishona mwenyewe.

— Protokole, mukia ikilala inajinyoosha, alisema Lambert. Hujaona mamba?

— Bon, Kilometa, leta ya kwako.

Ya Lambert ilikuwa kutoboa ukuta. Majoka yazungumze ndani, mikia ingoje uani kama malori.

— Ingoje na nani? aliuliza Alfani. Mukia ikikaa peke yake siku tatu, siku ya nne inajitangazia uhuru.

Hapo ndipo tulipopotea. Kwa robo saa tu, mikia ilipata rais, wimbo wa taifa na mawaziri kumi na tisa. Alfani akajiteua mkuu wa itifaki, Lambert akadai wizara ya Barabara, na nakiri kwamba mimi niliomba Elimu. Cyprien aliandika yote huku jasho likimtiririka, kwa maana kila tulipotatua jambo moja kitabu kilirefuka kwa sura mbili.

Saa tisa na nusu akafika Philomène, mchuuzi wa samaki wa kukausha, aliyekuwa anasafiri na meli hiyo na kukubali kumpelekea mchapishaji kitabu. Kijiweni kwetu hakuwahi kukaa. Cyprien alimwomba dakika kumi. Philomène akakaa juu ya furushi lake, akakichukua kitabu, akafungua ukurasa wa tano, penye picha ya joka la kwanza likingoja kivuko.

— Papa Cyprien, hii iko nini hapa mugongoni?

— Mabawa, mama. Mita kumi na moja kila moja.

— Alors, mbona inangoja kivuko?

Cyprien alifungua sura ya kumi na moja, kisha ya nne, kisha ya ishirini. Katika kurasa zote mia nne na kumi na mbili, hakuna joka lililoruka hata mara moja, na sisi tulikuwa tumesikiliza kila neno.

— Labda walikatazwa, alisema Lambert taratibu. Wala hakuwa anatania.

Meli ikapiga honi. Cyprien akarudi ukurasa wa kwanza, akaandika kwamba gavana wa zamani alikataza kuruka, na kwamba baada ya uhuru, katika haraka ya kugawana wizara, hakuna aliyekumbuka kuifuta amri hiyo. Kisha akageukia ukurasa wa mwisho na kutusomea huku anaandika:

— «Karani, akitafuta orodha ya viti, akaikuta amri, akaisoma kwa sauti. Majoka tisa yakatazama dirishani.»

Philomène akazifunga kurasa zote ndani ya furushi lake, akashuka bandarini.

Alfani alitaka kujua, kwa itifaki, ni joka lipi lingetangulia kutoka dirishani. Cyprien hakumsikia. Alikuwa amesimama anaitazama meli, mikono mitupu kwa mara ya kwanza katika miaka sita, asijue aiweke wapi.