Ndoo ya Daktari

Kijiwe cha mbele ya kinyozi kina benchi moja, ndoo moja iliyopinduliwa, na sheria moja: benchi ni la waliomaliza mambo yao, anayesoma akae kwenye ndoo. Miaka sita Msomi aliikalia ndoo ile mpaka suruali zake zote zikapata alama ya duara. Leo alikuja na cheti cha udaktari wa falsafa mkononi, kifua mbele, macho kwenye benchi. Aliitaka nafasi ile kuliko udaktari wenyewe. Lakini Redio, kinyozi asiyezimika mdomo, na Bomba, fundi wa mabomba, hawakusogea hata kidogo.

— Jamani, nimemaliza. Nipisheni.

— Kwanza tueleze, — alisema Redio. — Umemaliza nini?

— Nimeifundisha kompyuta kubashiri kemikali zinazoweza kuwa dawa.

— Ikabashiri?

— Elfu tatu. Tukapima kumi na mbili maabara. Kumi na moja hazikufanya kitu.

— Na ya kumi na mbili? — aliuliza Bomba.

Msomi alikohoa kidogo.

— Ilitoboa kikombe cha plastiki.

Bomba aliruka, kahawa ikamwagika.

— Hiyo ndiyo dawa! Choo cha mama mkwe kimeziba tangu juzi!

— Kaa chini wewe, — alisema Redio. — Hamuoni? Kompyuta dawa inaijua, inaficha tu. Ikiisema, itazimwa.

— Haina akili hiyo, kaka, — alisema Msomi.

— Haina akili na imebashiri elfu tatu? Wewe umebashiri ngapi?

— Mimi? Hakuna.

— Basi udaktari ni wa kompyuta. Wewe umeibebea cheti. Ikija yenyewe, tutaipisha.

Msomi aliumia, tena sana. Alikaa kwenye ndoo yake, cheti mapajani.

Hapo akafika dada wa duka la dawa, kikombe mkononi, kufuata kahawa. Alikiona cheti akafurahi kweli kweli.

— Hongera, Daktari! Kesho unaingia kazini saa ngapi?

Msomi alimtazama Redio. Redio alimtazama Bomba. Bomba akaanza kukagua bomba la maji ya mvua ukutani, lililokuwa zima kabisa. — Kazi bado sijapata, dada, — alisema Msomi.

Mwishowe Redio alijivuta pembeni, akapangusa ubao wa benchi kwa taulo la wateja.

— Bomba, sogea, — alisema kwa upole. — Mwenzetu amehitimu.