Mkwe Aliyesingiziwa Kirusi

Cheche alitoka hospitali asubuhi na hakwenda kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti. Alinyoosha hadi kwenye benchi la mbele ya duka la kinyozi, akakaa, akaagiza kikombe cha pili cha kahawa kabla hajamaliza cha kwanza. Kinyozi mwenyewe, ambaye wanamwita Redio kwa sababu hazimiki, alimwacha mteja na povu kidevuni akaja kusikiliza. Hakimu naye alikunja gazeti. Huyu ni dereva wa lori aliyestaafu, hajawahi kuingia mahakamani, lakini kesi zote za mtaa anakata yeye. Wote walijua Cheche alikwenda kuchukua majibu ya vipimo. Tangu kaka yake azikwe kwa saratani ya utumbo, mtaa mzima ulikuwa na neno moja: mke wa marehemu ndiye aliyemwambukiza.

— Haya, tuambie, alisema Hakimu.

— Ninayo.

— Saratani?

— Hapana. Ninayo ile kasoro iliyomletea kaka saratani. Mimi bado mzima.

Redio alisogea kidogo pembeni.

— Kirusi. Si niliwaambia? Shemeji yako alitibiwa saratani ya mlango wa kizazi, na ile inaletwa na kirusi. Kikatoka kwake kikaingia kwa mumewe, kikashuka utumboni, sasa kimekufikia wewe.

— Kimenifikiaje?

— Ulichukua mashati ya marehemu.

— Nilichukua viatu tu.

— Basi kimepandia miguuni.

Hakimu alitikisa kichwa kama mtu aliyechoshwa na ushahidi dhaifu.

— Hili ni suala la jina. Kaka yako alipewa jina la babu yenu mzaa mama, na mzee yule alikufa kwa tumbo. Jina haliji mikono mitupu.

— Mimi mnaniita Cheche. Hakuna babu yangu aliyeitwa Cheche.

— Ndiyo maana bado mzima, alijibu Hakimu bila kutetereka.

Cheche alicheka. Alikuwa na moyo mkunjufu asubuhi ile, moyo wa mtu aliyetoka gizani na kuona ukubwa halisi wa kitu kilichokuwa kikimtisha.

— Sikilizeni. Daktari anasema kirusi cha shemeji ni kweli kipo, na kweli kinaleta saratani. Lakini kilichomuua kaka ni kingine, si kirusi. Mwili unajinakili kila siku, na katika kunakili unakosea. Humo ndani kuna mafundi wanaopita wakirekebisha. Kwenye ukoo wetu fundi mmoja ni mbovu tangu tumboni mwa mama. Makosa yanalundikana, mwisho yanaweza kugeuka uvimbe.

— Mfukuze, alisema Redio.

— Hafukuziki. Ila anasimamiwa. Kila mwaka watanipitisha kamera utumboni, wakikuta kinyama kimeota wanakikata kabla hakijawa kitu.

— Inapitia wapi hiyo kamera?

— Kunywa kahawa yako, Redio.

Hakimu aliweka kikombe chini.

— Kwa hiyo mke wa marehemu hana hatia. Kesi nimeifuta. Lakini kama nyote wawili mmezaliwa nayo, imetoka kwa nani?

Cheche aliwapitia wazazi wake kichwani. Baba yao alifariki mzee sana, hajawahi kulala hospitali. Mama yao ndiye aliyetolewa kizazi kwa saratani, Cheche akiwa bado hajaanza shule. Daktari ameomba mama naye aje apimwe.

Wakati huo binti wa marehemu alifika akitoka kwenye duka analoshonea, futi ya kupimia bado shingoni. Aliwaamkia wazee, akabaki amesimama.

— Baba mdogo, mama ana kosa?

— Hana, mwanangu. Hakuwahi kuwa nalo.

Binti alikaa ghafla, akafunika uso kwa viganja. Tangu mazishi, bibi yake, yaani mama yake Cheche, hajapokea salamu ya mkwewe. Mbele za watu alimwita “aliyeniulia mwanangu”. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imetulia.

— Sasa nani atamwambia bibi?

Hakimu alilikunjua gazeti, akalikunja tena. Cheche alimwona akilini mama yake akihesabu taratibu, baba yake mzazi, kizazi chake, mwanawe, kisha akijinyooshea kidole mwenyewe.

— Sijui nitaanzaje, alisema. Lakini nitamwambia mimi, na mama yako akiwepo.

— Lini?

— Twende sasa hivi.

Njiani Cheche alijaribu sentensi ya kwanza kwa sauti ya chini, akaiacha, akajaribu nyingine. Binti hakumsaidia. Alikuwa kwenye simu.

— Mama, vaa. Tunakuja kukuchukua.