Inakwenda na Macho ya Mama

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la baba yake, mtaa wa nyuma ya soko la zamani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na mama yake alitarizi mashuka na foronya. Mimi ninayewasomea ni binti wa mdogo wake wa kiume. Nilimwita Shangazi, na kwa ruhusa yenu nitaendelea hivyo hivyo, maana neno "marehemu" bado halijanikaa mdomoni.

Mtoto akizaliwa, watu huuliza kwanza: amemchukua nani? Dada yake mkubwa alimchukua mama. Baba yangu alimchukua baba, hadi mwendo wa kuburuta kiatu. Shangazi alipofumbua macho vizuri, yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyowekwa dirishani juani, na nyumba ile yote ilikuwa ya macho meusi ti. Mdogo wake babu yangu, mtu asiyekuwa na breki mdomoni, alimwinamia akasema, "Huyu hajamchukua mtu." Watoto wa mtaa wakampa jina la Chai ya Rangi. Wakubwa hawakumpa jina, walinong'ona tu, na aliyekuwa akinong'onwa hasa ni mama yake. Babu hakumjibu mtu yeyote. Aliendelea kushona.

Babu huyo huyo alimwita bintiye Mwalimu tangu akiwa mdogo, kwa sababu alikuwa akisahihisha watu wazima. Kila shule zilipokaribia kufunguliwa alimshonea gauni, na kila mwaka alichagua kitambaa cha kahawia. Alikiweka begani kwa mtoto, akarudi nyuma kidogo, akasema, "Hii inakwenda na macho ya mama." Baba wengi huwaita binti zao mama kwa mapenzi, na Shangazi alilipokea neno hilo hivyo. Alikuwa akilingoja mwaka mzima. Hata hivyo aliwahi kuniambia kwamba halikumtosha. Alitaka baba yake asimame mlangoni mwa duka awajibu watu, siyo amshonee nguo.

Babu alifariki mwaka 1965. Mwaka uliofuata Shangazi aliingia shule ya sekondari ya bweni ya wasichana, na huko, kidato cha tatu, alifundishwa jinsi seli za uzazi zinavyogawanyika. Alirudi likizo akiwa hajiwezi kwa furaha. Mezani aliwaeleza wote kwamba mtoto hamchukui mtu, bali anapewa: nusu ya jeni kutoka kwa mama, nusu kutoka kwa baba, na hakuna anayechagua nusu ipi. Tena kuna jeni zinazotawala na zile zinazojificha, na iliyojificha inaweza kupita kwa mzazi bila kuonekana, ikaja kujitokeza kwa mjukuu. Yule mdogo wake babu alitafuna, akameza, kisha akauliza, "Haya, sasa huyo aliyekuwa amejificha kwetu ni nani?"

Waliobaki hawakumkumbuka mtu wa upande wa babu mwenye macho ya namna hiyo. Mama mzaa babu alikuwa amekufa kabla Shangazi hajazaliwa, na wote waliomkumbuka walimkumbuka akiwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili yamefunikwa ukungu mweupe. Bibi yangu mwenyewe aliolewa akamkuta mkwewe haoni tena. Shangazi alimaliza chakula chake, na kwa miaka mingi hakuzungumzia tena jambo hilo nyumbani.

Alilizungumza darasani. Alifundisha biolojia kuanzia mwaka 1974 hadi alipostaafu mwaka 2011, katika shule tatu, na wengi mliokuja leo mmepitia mikononi mwake. Mnakumbuka viatu. Aliwaambia wanafunzi wavue viatu vyote, wavipange katika jozi sakafuni: cha kulia ni cha baba, cha kushoto ni cha mama. Kwanza jozi zinakaa pamoja, zinabadilishana kamba. Halafu zinaachana, kiatu kimoja kinaingia gunia hili na mwenzake gunia lile, bila kujali ni cha kulia au cha kushoto. Mwisho kila gunia lina nusu ya viatu, na hakuna magunia mawili yanayofanana. "Wewe ni gunia la baba na gunia la mama," alisema. "Basi usimcheke mwenzako." Mwaka mmoja kengele ililia kabla magunia hayajafunguliwa, wanafunzi wakakimbilia viatu, na nusu ya darasa ikaenda nyumbani imevaa mchanganyiko. Mkuu wa shule alimwita ofisini. Shangazi alimweleza kwamba hayo ndiyo matokeo yaliyotarajiwa.

Mwaka 1979 aliolewa na mpimaji wa ardhi, mtu mpole aliyependa kunyoosha picha za watu ukutani. Hawakujaliwa mtoto. Mama mkwe alisema huenda ni afadhali, maana nani angejua mtoto angetoka na macho ya nani. Mpimaji alipelekwa mbali kupima barabara mpya, na barabara ilipokwisha alibaki huko huko, akaanza maisha mengine. Shangazi hakumsema vibaya. Picha zake aliziacha zikapinda tu.

Tangu hapo aliishi peke yake. Sitalipamba jambo hili. Nyumba yake ilikuwa na viti vinne na kimoja tu ndicho kilichochakaa. Kila alipotoka aliiacha redio ya jikoni inaongea, ili akirudi akute sauti ndani. Kwenye shughuli za ukoo alikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango, na wakati wa kupiga picha alijitolea yeye kuwa mpiga picha. Tuna albamu nzima za ukoo wetu ambazo hayumo. Tulimpenda, lakini tulimpenda kwa simu. Alipougua figo mwaka 2020 na kuanza kwenda hospitali kusafishwa damu, alinitania, "Afadhali sasa wanaitoa nje waikague vizuri, wamalize ubishi." Nilicheka. Yeye hakucheka sana.

Binti yangu alizaliwa mwaka 2021. Mwanzoni macho yake hayakueleweka rangi, kama ya vichanga wengi. Alipokaribia kutimiza mwaka yakajitokeza: chai ya rangi. Mume wangu, fundi wa friji, hakushtuka, kwa kuwa kwao yuko bibi mwenye macho kama hayo. Mimi ndiye niliyeshtuka. Nilimbeba mtoto, nikampitia baba yangu, tukaenda kwa Shangazi mchana ule ule.

Alimpakata mtoto karibu na dirisha. Alimtazama kwa muda mrefu, na mtoto akamtazama, na redio jikoni ikasoma bei za mazao mpaka ikamaliza. Alinieleza taratibu, kama mwanafunzi wake, kwamba rangi ya macho haiendeshwi na jeni moja tu, kwamba hakuna anayeweza kuapa. Lakini sehemu ya yale macho ilikuwa imepitia kwangu, na kwangu imepitia kwa baba yangu, ambaye hakuna aliyewahi kumtilia shaka. Baba yangu, ambaye si mtu wa maneno, alikuna kidevu akasema angekuwapo mzee angechukua kipande cha kahawia, aseme kinakwenda na macho ya mama.

Shangazi aliinua kichwa. "Mdogo wangu," alisema, "Baba alikuwa akimwita nani mama?"

Baba alishangaa swali lenyewe. "Mama yake. Nani mwingine? Dada mkubwa alimwita kwa jina lake. Wewe alikuita Mwalimu."

"Kwa hiyo hakuwa akiniita mimi."

Alilia, na mtoto akamshika pua. Neno tamu pekee alilolitunza tangu utotoni halikuwa lake. Lilikuwa la bibi yake, ambaye macho yake Babu, kifungua mimba, aliyaona kabla ukungu haujayafunika, na wadogo zake hawakuyaona. Nadhani Babu hakuwajibu watu kwa sababu hakuwa na swali. Alikuwa akimwona mama yake kila siku akicheza chini ya meza ya cherehani. Mimi nimemkasirikia hata hivyo. Sentensi moja tu mlangoni mwa duka ingetosha. Shangazi alinikataza kumkasirikia. Alisema, "Alisema kila mwaka. Mimi ndiye niliyesikia vibaya." Kisha akampa binti yangu jina, Mtoto wa Jicho, na jina limegoma kutoka.

Mwaka uliofuata tulipiga picha ya ukoo. Aliketi katikati, mtoto mapajani, na fundi wa friji ndiye aliyepiga. Ni picha moja tu, na ndiyo iliyoko mbele ya kitabu hiki cha ratiba. Hali yake ilibadilika mwezi Mei, akalazwa, na tarehe 9 Juni 2023, saa nane mchana, alituacha. Nilikuwa nimetoka kununua maji. Niliporudi muuguzi alikuwa tayari ameyafumba macho yale.

Dada yake mkubwa alimtangulia. Ameacha mdogo wake wa kiume, wifi yake, sisi watoto wanne wa mdogo wake, wanafunzi ambao hatuwezi kuwataja wote, na Mtoto wa Jicho, mwenye umri wa miaka miwili. Mtoto huyu atakua, na watu watamwinamia waulize amemchukua nani. Msingoje niwepo mimi. Yeyote atakayekuwa karibu amjibu, kwa sauti ya kusikika.

Leo Shangazi amevaa gauni la kahawia. Mimi mwenyewe nilipeleka kitambaa kwa fundi, na fundi akauliza kwa nini rangi hii. Nilimwambia inakwenda na macho ya mama.

Apumzike sasa kwa amani, kati ya watu wake.