Mustari ya Juu ya Papa Barnabé

Mukae chini, bandugu, hata bale banasimama kwa mulango, musikie maisha ya Papa Barnabé, mimi Gradi, mutoto wake wa tatu, njo familia inanituma kusoma.

Alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1971, akapata diplome mu 1990, akaenda Bukavu kujifunza fizike, akarudia kufundisha, tarehe 8 Agosti 1998 akaoa Mama Mariette, Mungu akabapa batoto bane, na vita ikatuleta hapa mu kambi ya bakimbizi ya Misiera mu Juni 2012.

Kuanzia 2017 alikuwa Mbarara, anapimia batu ba chuo nyota. Mwangaza ya nyota banaipanua mu ordinatere, ile kompyuta, inatoa mistari nyeusi, chuma iko na yake, chumvi iko na yake, ukipima vile mustari inazama unajua chuma iko kiasi gani mu nyota, lakini mbele ya yote mutu anachora mustari ya juu, fasi mwangaza haikupunguka, anaichora na macho tu, na akiipandisha kidogo, chuma inaongezeka. Njo maana Papa hakuamini mutu, hata yeye mwenyewe, kila nyota alipima mara mbili, jibu ya kwanza anaifunga mu bahasha. Mama alikuwa anamucheka, eti bwana yangu anajua chumvi ya mbinguni, ya mboga anasahau kununua.

Mu Novemba 2024 ugonjwa ya sukari ikashika macho yake, akafariki Mbarara tarehe 2 Februari 2025.

Sasa nyota yake ya mwisho. Mu Oktoba alipima, akafunga bahasha. Mu Januari alipima tena, chuma ikatoka mara mbili ya ile ya kwanza, sawasawa na jibu ya Papa Térence, mwenzake wa kazi, eko pale mbele, anataka kuitoa mu kitabu ya chuo na jina ya Papa juu yake. Lakini mu Januari Papa hakuona tena hata vifungo ya shati yake, mimi njo nilikuwa namufungia, sasa nani alimuonyesha fasi ya kuchora? Papa mwenyewe alituambia: "Ukijua jibu ya mwenzako mbele ya kupima, haukupima, ulikubali tu."

Tunashukuru badoktere, majirani ba Misiera na ba Rwekubo, na batu ba kazi, hata Papa Térence, alileta jeneza. Papa, pumzika kwa amani, macho yako ilichoka.

Bahasha ya Oktoba niliifungua mimi, iko hapa mu mufuko yangu, Papa Térence alikuwa hajue kama iko, sasa amesikia, na kesho anakuja kuniomba ruhusa ya jina. Bandugu, ninyi mungefanya nini?