Kibuyu cha Mama Avelina: Historia ya Marehemu Avelina Valerian

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani na ninyi nyote mliofika hapa Matai kumsindikiza mama yetu, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Timoth, mtoto wake wa kwanza, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Mama yetu, Avelina Valerian, alizaliwa tarehe 12 Machi 1963 huko Chala, Wilaya ya Nkasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Valerian na Mama Fortunata. Alianza darasa la kwanza mwaka 1972, akahitimu la saba mwaka 1978, kisha akakaa kwa masista akijifunza ushonaji, ingawa masista wenyewe walisema mkono wake ulipenda jembe kuliko sindano.

Tarehe 23 Juni 1984 alifunga ndoa takatifu na baba yetu, Kalisti, aliyeitwa na Bwana mwaka 2014, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Jenifa na Calvin, na wajukuu tisa. Kazi yake ilikuwa kilimo cha mahindi na ulezi, na vibuyu vyake vya mbegu, vilivyoning'inia juu ya moto jikoni, wengi wenu mnavijua, kwani mmepanda mbegu hizo, na Mzee Mboje, aliyefika hapa na ng'ombe wake kutoka Shinyanga bila punje ya ulezi, alianzia hapo. Kwa mwenye kutaka kupanda mama alikuwa mkarimu, kwa mwenye kutaka kusaga mbegu akasonge ugali alikuwa mkono wa birika.

Mwaka 2022 Calvin alirudi kwa mama kutoka machimboni akikohoa, akakutwa na kifua kikuu, akatibiwa, akapona, na leo ndiye aliyebeba msalaba mbele yenu. Nesi Hellena wa zahanati yetu aliwapima wote wa nyumba ile, hakuna aliyekutwa mgonjwa, lakini akaeleza kwamba vijidudu huweza kulala kifuani miaka mingi bila mtu kukohoa, akawapa dawa ya kinga, ya kumeza mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Mama aliwasimamia wajukuu mpaka kidonge cha mwisho, lakini vya kwake, baada ya wiki ya kwanza, alivitia kwenye kibuyu pamoja na mbegu ya ulezi, kwa kuwa kwa akili yake ya ukulima, dawa ya ugonjwa ambao haujafika ni akiba, na akiba hailiwi kabla ya njaa.

Januari 2025 kikohozi kilipomwanza alishusha kibuyu, akawa anameza kila Jumapili baada ya misa, akituambia ni moshi tu wa jikoni, asijue kwamba dawa ile huzuia ugonjwa uliolala, peke yake haiwezi ugonjwa ulioamka. Jenifa alipomfikisha hospitali Sumbawanga, tarehe 9 Juni, mapafu yalikuwa yameharibika sana, na hapo ndipo alipotueleza habari za kibuyu, huku akicheka kwa aibu, nasi tukashindwa kucheka naye. Alifariki Jumapili, tarehe 3 Agosti, alfajiri.

Wazee wangu, jana mlinishauri niseme mama aliugua kwa muda mrefu, niishie hapo, maana jina la ugonjwa huu huitia nyumba doa, nami nawaheshimu, lakini yeye mwenyewe aliagiza utajwe kwa jina lake, kifua kikuu, kwa ajili ya Zita wa Jenifa, mtoto wa miaka miwili, aliyezaliwa baada ya dawa zile, akalala ubavuni mwa bibi yake siku zote za baridi. Zita amepimwa, hana ugonjwa, na dawa yake ya kinga imekaa kabatini, kwa sababu baadhi yetu tunasema mtoto asiyeumwa hapewi dawa. Mama naye alifikiri hivyohivyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Nesi Hellena asiyechoka nasi, wanajumuiya, majirani mlioleta kuni na unga, na Mzee Mboje kwa maziwa ya kila asubuhi mpaka siku ya mwisho. Tukirudi kutoka makaburini, Nesi atakuwa hapa uani, kila aliyeota moto na mama jikoni tunamwomba akapimwe, na Zita atameza dawa yake mbele yenu, akiwa amepakatwa na mama yake.

Mama, kibuyu tumekishusha, mbegu tutazipanda mvua zikianza, dawa ya Zita hatuiweki akiba. Pumzika kwa amani.