Kompyuta Sita, Kitambulisho Kimoja

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha kinyozi, mkabala na geti la kliniki. Lina sheria mbili tu: mwenye tatizo anakaa katikati, na kesi inafungwa birika likiisha, si kabla. Asubuhi hiyo katikati alikaa fundi wa kompyuta ambaye benchi lilimbatiza Nakala, maana hana kazi asiyoimaliza kwa kunakili. Kulia kwake alikuwapo Stempu, mstaafu wa posta. Kushoto alikaa Wembe, mwenye kibanda, ambaye humwacha mteja na povu kidevuni mazungumzo yakinoga. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa anamimina. Nakala alikuwa na uso wa mtu aliyekalia msumari, ila hakutaka wenzake wajue msumari una urefu gani.

— Haya mshtakiwa, jieleze, alisema Stempu.

— Jambo dogo tu, mzee wangu. Zile kompyuta sita za kliniki zimegongana vitambulisho.

— Zimegongana wapi, barabarani? Wembe akadakia.

— Acha utani. Kila kompyuta ina namba yake ndani, kitambulisho. Sava, ile kompyuta kuu inayoziunganisha zote, inaitambua kwa namba hiyo. Sasa zangu zote sita zina namba moja. Kompyuta ya dirisha la kwanza la mapokezi ikiingia, ya dirisha la pili inatupwa nje. Ya pili ikirudi, ya maabara inatupwa nje.

— Si ndizo zile ulizozitengeneza Jumapili, tukakupigia makofi hapa hapa? Stempu akauliza.

Ndizo. Kila kompyuta ilikuja na diski mbili za kioo, yaani kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye mwenzake papo hapo, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Mtu mwingine angezipakia programu moja moja, siku tatu. Nakala aliandaa moja tu, akachomoa diski yake, akaichomeka kwenye kompyuta ya pili kando ya diski tupu. Ile tupu ikajijaza yenyewe. Ya pili ikaigawia ya tatu, ya tatu ikaigawia ya nne, kama majirani wanaopeana kaa la moto. Kufika alasiri, zote sita zinawaka, naye akajiona kidume. Alichosahau ni kwamba kioo hakichagui. Kilinakili programu, kikanakili picha ya maua ya kwenye skrini, kikanakili na kitambulisho, hadi namba ya ile jozi ya diski.

— Mimi naona hapo kuna ugomvi wa urithi, alisema Wembe. Baba mmoja, watoto sita, kila mmoja anasema yeye ndiye kifungua mimba. Lazima wafukuzane.

— Ugomvi gani, alisema Stempu. Hili nimeliona posta. Wanaume wawili, jina moja, sanduku moja la barua. Mmoja akapokea barua ya mchumba wa mwenzake, akaijibu. Akaijibu vizuri. Mpaka leo wana wajukuu.

— Na yule mwingine?

— Yule mwingine alinunua sanduku lake.

Benchi likacheka. Nakala naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo. Mama Birika akaongeza kahawa kwenye vikombe na kulitikisa birika sikioni. Lilikuwa bado nusu.

Hilo lilimpa Nakala nafuu kubwa kuliko kahawa yenyewe. Maadamu birika lina kitu, hakuwa na haja ya kuvuka barabara. Ng'ambo ile yupo Sista Mkuu, msimamizi wa kliniki, ambaye jana alimuuliza waziwazi, “Fundi, hili tatizo linamgusa mgonjwa?” Naye akajibu, “Halimgusi, Sista, ni namba tu.” Alijibu hivyo kwa sababu Sista alikuwa amemwahidi kliniki nyingine tatu, hii ikienda vizuri. Kumwambia ukweli maana yake ni kuzima mashine zote, watu warudi kwenye madaftari, na kliniki tatu ziyeyuke. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilimtia aibu.

— Sikilizeni sasa, alisema Wembe, akiupunga wembe hewani. Mimi nasema hakuna kompyuta sita. Kompyuta ni moja. Zile tano ni sura yake kwenye kioo. Si kasema mwenyewe diski za kioo?

— Basi tuizime ile ya kweli, alisema Stempu, tuone kama tano zitabaki.

— Ya kweli ni ipi?

— Hapo ndipo penye kazi. Wahenga walisema...

— Wahenga hawakuwa na sava, mzee.

— Walikuwa na akili ya kukaa kimya mtu mzima akiongea!

— Mimi mabirika yangu mawili yanafanana, alisema Mama Birika bila kuinua macho. Moja nimelifunga uzi mwekundu. Nililifunga siku ile ile niliyolinunua.

Stempu akamgeukia mshtakiwa.

— Kumbe dawa ni uzi. Wewe uzi wako ungekuwa nini?

— Ningeivua kitambulisho ile ya kwanza kabla ya kunakili, Nakala akajibu. Kila nakala ikiwashwa mara ya kwanza ijitengenezee chake. Na ningenakili diski moja tu, kisha kila kompyuta niifungie jozi yake ya diski upya.

— Kwa hiyo unajua.

— Najua.

— Ilikushinda nini?

— Ingeongeza saa mbili.

Wembe akapiga mluzi. Mteja akajitokeza mlangoni na povu lake, akatazama, akaona kesi bado, akarudi kitini.

Ndipo mwanamke mmoja akavuka barabara kutoka kliniki, karatasi mkononi, akasimama mbele ya benchi. Walimsogezea nafasi, hakukaa.

— Samahani, kaka zangu. Mlinzi kaniambia fundi wa namba anakaa hapa.

— Ni mimi, dada.

— Mimi nilipimwa damu leo asubuhi. Dirisha la kwanza wakanipa namba arobaini na moja. Maabara wakaita arobaini na moja, tukasimama wawili, mimi na dada mmoja wa dirisha la pili. Karatasi zilikuwa mbili. Yeye akapewa moja, mimi nikapewa hii. Ya kwake imesema mzima. Kashukuru, kaondoka. Hii inasema nianze dawa leo.

Akainyoosha karatasi, mkono umetulia kabisa.

— Sasa hii ni yangu, au ni yake?

Stempu akatazama ndani ya kikombe chake. Wembe akafuta wembe uliokuwa mkavu. Nakala aliipokea karatasi, akaisoma namba, akaisoma tena. Kitambulisho cha kompyuta, kisha arobaini na moja: kila dirisha huhesabu wagonjwa wake, na kitambulisho ndicho pekee kilichopaswa kuwatofautisha. Hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Kurekebisha mashine alijua. Chupa mbili za damu zilizokwisha kuandikwa namba moja hakujua azifanyeje, na yule dada mwingine alikuwa ameshaondoka na furaha yake.

— Sijui, dada, alisema. Hakuna anayejua. Kosa ni langu.

— Basi nani amwambie Sista? mwanamke akauliza.

Nakala alilitazama birika. Wote walilitazama. Sheria ni sheria, na lilikuwa bado na vikombe vinne au vitano.

Mama Birika aliliinamisha, akaimwaga kahawa yote kwenye vumbi, polepole, mpaka tone la mwisho.

— Limeisha, alisema. Nenda.