Mama Pindo, Mwalimu Aliyepimwa na Wanafunzi Wake

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti, tukae kitako. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyeitwa Mama Pindo. Jina hilo alipewa na wateja. Pindo likienda upande, alilifumua lote, hata kama bibi harusi anasubiri mlangoni.

Mama Pindo alijitolea kufundisha ushonaji kwenye nyumba ya hifadhi. Humo wanaishi wanawake walioumizwa na watu wao wa karibu. Yeye alikuwa mgeni tu. Alikuwa akija kila Jumamosi na kuondoka.

Siku ya kwanza aliharibu. Kazi ya fundi huanza kwa kupima, naye akafanya alivyozoea. Alimwendea binti mmoja kwa nyuma, akamzungushia futi kifuani. Binti akakauka. Kisha akatoka mbio, na wenzake wakamfuata. Binti huyo wenzake walimwita Kasuku, kwa utani, kwa kuwa alikuwa hasemi.

Jumamosi iliyofuata Mama Pindo aliweka futi mezani, akasimama katikati ya chumba, akainua mikono.

"Leo nipimeni mimi," alisema. "Na mkilicheka hili tumbo, chekeni kwa sauti nisikie."

Haba na haba wakaanza kumpima. Walimshonea magauni yaliyokwenda segemnege, naye akayavaa mpaka sokoni. Dada yake anatuambia: "Aibu niliona mimi. Mkono mmoja mrefu, mwingine mfupi, na mwenyewe anadunda."

Sasa hapa sikilizeni vizuri. Wanafunzi hao ndio waliokuwa wa kwanza kujua kwamba mwalimu anaumwa. Kiuno kilipungua. Kikapungua tena. Siku hiyo futi alikuwa nayo Kasuku. Akamtazama mwalimu wake usoni. Mama Pindo alishaambiwa na daktari, ila nyumbani alikuwa hajasema.

Akamnong'oneza, "Mwanangu, hii iwe siri yetu. Usimwambie mtu."

Kasuku akaiachia futi ikaanguka. "Na yule aliyeniumiza aliniambia hivyo hivyo," akasema, akaenda chumbani kwake akajifungia.

Dada anakumbuka: "Alikuja kwangu jioni ile analia. Akanieleza ugonjwa, akanieleza na alichomfanyia yule binti. Cha pili ndicho kilichomliza zaidi."

Jumamosi iliyofuata alikwenda na dada yake. Akautaja ugonjwa wake mbele ya darasa zima. Akamgeukia Kasuku: "Nilikutwika mzigo wangu, mama. Nilikosea. Nisamehe." Kasuku aliendelea kushona, hakuinua uso. Na msamaha haulazimishwi, wasikilizaji wapendwa.

Mama Pindo hakurudi tena darasani. Alilazwa. Ndipo Kasuku akamwendea mlezi wa nyumba, akamtaja aliyemuumiza. Ni mume wa mama yake. Alimtaja kwa jina, kwa mara ya kwanza. Kisha akaomba kitu kimoja: mwalimu aambiwe.

Dada alikimbilia hospitali na ujumbe huo. "Nilimwambia sikioni," anasema. "Macho alikuwa ameshayafumba. Sijui kama alisikia. Hilo ndilo linalonitesa."

Kwa dada, kwa watoto wa marehemu na kwa nyumba ile yote, tunawapa pole. Mungu awatie nguvu. Haya tumeyasema kwa ruhusa ya Kasuku. Alitaka yasikike, kwa sababu kuna mtoto mahali fulani ameambiwa anyamaze. Huenda yuko hapo ulipo, anasikiliza redio hii hii pamoja nawe. Muulize. Na akisema, mwamini.